Maarifa ya jumla yasigeuzwe bidhaa: Funzo la mitihani ya ajira nchini India

Kazi ya Serikali ni dhamana ya wananchi wote. Haigawiwi mtu kwa sababu ya ukoo wake, wala haipaswi kuwa mali ya mwenye fedha za kuinunua. Kwa sababu hiyo kila taifa lililojitwalia uhuru wake limelazimika kutafuta njia ya haki ya kuwapata watumishi wake. India, taifa lenye watu zaidi ya bilioni 1.4, limechagua njia ya mitihani ya wazi. Mtoto wa mkulima wa Bihar na mtoto wa tajiri wa Mumbai hufanya mtihani mmoja, na anayesahihisha hapaswi kujua karatasi iliyo mbele yake ni ya nani.

Katika karibu mitihani yote hiyo lipo somo moja lisilokwepeka, nalo ni maarifa ya jumla: historia ya nchi, jiografia, Katiba, uchumi, sayansi, na habari za mambo yanayotokea duniani. Anayeomba kazi ya ukarani wa reli huulizwa maarifa ya jumla. Anayetaka kuwa askari polisi huulizwa. Anayetaka kuja kuongoza wilaya huulizwa zaidi ya wote. Mamilioni ya vijana hutumia miaka mizuri ya ujana wao wakijiandaa kwa somo hilo. Ni jambo linalostahili kuangaliwa kwa makini hata na Watanzania, kwani swali lililomo ndani yake ni la mataifa yote yaliyopata kutawaliwa: je, maarifa ya jumla ni ngazi ya kumpandisha mtoto wa mnyonge, au yamegeuzwa kuwa ukuta mpya wa kumzuia?

MTIHANI WA WAKOLONI

Historia ya mitihani hiyo inatoa sehemu ya jibu. Hadi katikati ya karne ya 19, nafasi za utawala nchini India ziligawiwa na wakurugenzi wa Kampuni ya Kiingereza ya India ya Mashariki kwa jamaa na marafiki zao. Mwaka 1854 kamati iliyoongozwa na Thomas Babington Macaulay ilipendekeza mtihani wa ushindani, na mwaka 1855 mtihani huo ukaanza. Kwa maneno, ulikuwa wazi kwa raia wote wa Malkia, Mwingereza kwa Mhindi. Kwa vitendo, ulifanyika London peke yake, nchi ya mbali ambayo nauli yake ilikuwa mzigo hata kwa familia yenye uwezo.

Na si mahali tu palipobagua. Katika mpango wa alama wa mwaka 1855, Kigiriki cha kale kilipewa alama 750 na Kilatini alama 750. Sanskrit na Kiarabu, lugha zilizobeba elimu ya Mashariki kwa karne nyingi, zilipewa alama 375 kila moja. Maana yake ni kwamba kijana wa Bengal aliyeyajua maandishi ya kale ya nchi yake alihesabiwa kuwa na nusu ya elimu ya kijana wa Kiingereza aliyeyajua maandishi ya Wagiriki.

Hata hivyo, mwaka 1863 Satyendranath Tagore, kaka yake mshairi Rabindranath Tagore, alifaulu mtihani huo na kuwa Mhindi wa kwanza kuingia katika utumishi huo wa juu. Wengine wakamfuata. Katika miaka ya 1870 wakoloni wakauteremsha umri wa juu wa watahiniwa kutoka miaka 21 hadi 19. Wazalendo wa India walitambua mara moja hatua hiyo ilimlenga nani, kwa sababu kijana wa Kihindi alihitaji muda wa kujifunza lugha ya kigeni kwanza, kisha masomo yenyewe, kisha kuvuka bahari. Walidai kwa miongo kadhaa kwamba mtihani ufanyike pia katika ardhi ya India. Haki hiyo ilipatikana mwaka 1922.

Funzo la historia hiyo ni zito. Mwenye kutunga swali ndiye anayeamua ni elimu ya nani itakayoitwa elimu. Mtihani waweza kuwa wa haki katika usahihishaji wake, na bado ukawa wa dhuluma katika yale unayouliza, lugha unayotumia na mahali unapofanyikia.

KATIBA YA TAIFA HURU

Baada ya uhuru wa mwaka 1947, viongozi wa India walikusudia kuung'oa mzizi huo. Katiba iliyoanza kutumika tarehe 26 Januari 1950 ilitangaza katika Kifungu cha 16 kwamba raia wote wana nafasi sawa katika ajira ya Serikali, na katika Kifungu cha 315 ikaagiza kuwapo kwa Tume za Utumishi wa Umma za Muungano na za majimbo. Mwaka 1975 iliundwa tume nyingine ya kuwapata makarani, wakaguzi na watumishi wengine wa ngazi za kati na za chini. Reli nayo, iliyo miongoni mwa waajiri wakubwa kabisa nchini humo, ina bodi zake za ajira.

Taifa hilo halikuishia katika maneno ya usawa. Katika ajira za Serikali kuu, asilimia 15 ya nafasi zimetengwa kwa watu wa tabaka zilizodhulumiwa na kuitwa najisi kwa karne nyingi, asilimia 7.5 kwa makabila ya asili, na asilimia 27 kwa tabaka nyingine zilizoachwa nyuma. Mwaka 2019 iliongezwa asilimia 10 kwa maskini wasiomo katika makundi hayo. Watunga sheria wa India walikubali ukweli kwamba watu wawili wakianza mbio, mmoja akiwa amefungwa mawe miguuni, kipenga kimoja hakiwafanyi kuwa sawa.

Mtahiniwa wa leo anakabiliwa na kazi gani? Katika hatua ya kwanza ya mtihani wa wahitimu wa vyuo vikuu wanaoomba kazi za ngazi ya kati, hupewa maswali 100 kwa dakika 60, na 25 kati yake ni ya maarifa ya jumla. Katika mtihani wa reli wa kazi zisizo za ufundi, maswali 40 kati ya 100 ya hatua ya kwanza ni ya maarifa ya jumla. Katika mtihani wa Tume ya Muungano, karatasi ya maarifa ya jumla ya hatua ya mchujo ina maswali 100 ya kujibiwa kwa saa mbili. Anayevuka mchujo hukuta mtihani mkuu ambao una karatasi nne za somo hilo, kila moja ya alama 250. Hivyo alama 1,000 kati ya jumla ya 2,025, pamoja na alama 275 za usaili, hutokana na maarifa ya jumla. Moja ya karatasi hizo nne, iliyoanzishwa mwaka 2013, ni ya maadili na uadilifu wa mtumishi wa umma.

KASUKU NA MWENYE KUFAHAMU

Wapo wanaodharau somo hili. Wanasema kwamba ni mchezo wa kukariri majina ya mito, miaka ya vita na namba za vifungu. Dharau hiyo haina msingi. Mtumishi wa umma asiyeijua nchi yake ni mgeni mwenye mamlaka, na mgeni mwenye mamlaka ndiye hasa aliyeitwa mkoloni. Ofisa wa India anayepelekwa katika wilaya yenye ukame hana budi kuujua upepo wa kusi, upepo ule ule uliokuwa ukiyasukuma majahazi kutoka mwambao wa Afrika Mashariki kwenda India, na ambao kati ya Juni na Septemba humletea mkulima wa huko sehemu kubwa ya mvua yake. Hana budi kuyajua Marekebisho ya 73 ya Katiba, ya mwaka 1992, yaliyozipa halmashauri za vijiji nafasi ndani ya Katiba. Asipoyajua atakwenda kijijini kuamuru mahali ambapo sheria inamtaka ashauriane.

Tatizo basi haliko katika maarifa. Liko katika namna yanavyotafutwa. Ipo namna ya kasuku, ya kumeza majibu elfu moja bila kujua yanahusu nini. Na ipo namna ya mwenye kufahamu, ambayo ni ndefu zaidi lakini ndiyo yenye matunda. Wanaoifuata namna hiyo ya pili huanza na vitabu vya shule vya Baraza la Taifa la Utafiti na Mafunzo ya Elimu, chombo cha Serikali kilichoundwa mwaka 1961, kuanzia vya darasa la sita hadi la 12. Husoma gazeti kila asubuhi, wakiandika kwa mkono wao habari za sheria mpya, bajeti, uvumbuzi na uhusiano wa mataifa. Huweka ramani ukutani. Huisoma Katiba yenyewe. Hurudia karatasi za miaka iliyopita ili kujua mtungaji anatafuta nini.

Tume ya Muungano nayo imejitahidi kumzuia kasuku. Maswali yake mengi hayaulizi jina au mwaka. Hutoa maelezo mawili au matatu kuhusu jambo moja, na mtahiniwa atakiwa kusema ni yapi yaliyo ya kweli. Aliyekariri neno moja hukwama, kwa sababu neno hilo limo katika maelezo yote. Aidha kila jibu lisilo sahihi hukatwa theluthi moja ya alama za swali. Hesabu yake ni rahisi. Swali lina alama mbili na majibu manne ya kuchagua. Anayebahatisha maswali manne hutarajia kupata moja na kukosa matatu: atapata alama mbili, na atakatwa alama mbili. Bahati nasibu haimpi kitu. Lakini anayejua kiasi cha kuliondoa jibu moja au mawili yaliyo dhahiri kuwa ya uongo hupata faida hata asipokuwa na hakika kamili. Kwa maneno mengine, mtihani uliotungwa vizuri humlipa mtu kwa kufikiri.

WAFANYABIASHARA WA ELIMU

Lakini palipo na njaa hapakosi mlanguzi. Mwaka 2024 watu 992,599 waliomba kufanya mtihani wa Tume ya Muungano. Waliofika kwenye chumba cha mchujo walikuwa 583,213. Waliovuka na kwenda mtihani mkuu walikuwa 14,627, walioitwa kwenye usaili walikuwa 2,845, na waliopendekezwa kupewa kazi walikuwa 1,009. Katika kila waombaji 1,000, aliyepata ni mmoja hivi. Juu ya kiu hiyo umejengwa ubepari mkubwa wa tuisheni.

Mitaa mizima ya Delhi, kama vile Mukherjee Nagar na Old Rajinder Nagar, huishi kwa biashara hiyo. Kuta zake zimefunikwa kwa picha za waliofaulu, kila chuo kikidai kwamba ushindi ni wake. Mzazi wa kijijini huuza shamba au hukopa ili mwanawe apate ada ya chuo na kodi ya chumba ambacho kitanda na meza havikai pamoja bila kugusana. Kijana hukaa huko mwaka, miaka mitatu, pengine zaidi, kwani sheria humruhusu mtahiniwa asiye katika makundi yaliyotengewa nafasi kujaribu mara sita hadi umri wa miaka 32. Anachouziwa mara nyingi ni muhtasari wa vitabu ambavyo Serikali imekwisha kuvichapa kwa bei nafuu, na muhtasari wa magazeti ambayo angeweza kuyasoma mwenyewe.

Tarehe 27 Julai 2024 mvua kubwa ilinyesha Delhi. Maji ya barabarani yaliingia katika chumba cha chini ya ardhi cha jengo la tuisheni huko Old Rajinder Nagar, chumba kilichokuwa kikitumiwa kama maktaba. Vijana watatu waliokuwa wakijiandaa kwa mtihani walikufa maji humo. Walikuwa wamekwenda mjini kutafuta nafasi ya kuwatumikia wananchi, wakafia ndani ya shimo lililokodishwa kwa faida. Msiba huo haukuletwa na mvua peke yake. Uliletwa na hali inayoruhusu elimu iuzwe kama mahindi ya magendo, kila pembe ya nyumba ikigeuzwa kuwa fedha bila kujali uhai wa aliyemo.

Lugha nayo ilitumika kama ukuta. Mwaka 2011 iliingizwa katika mchujo karatasi mpya ya kupima uwezo wa kufikiri na kuelewa maandishi. Vijana waliosoma kwa Kihindi na lugha nyingine za nchi walilalamika kwamba karatasi hiyo iliwapendelea wa mijini waliosoma kwa Kiingereza, na kwamba tafsiri ya maswali kwa Kihindi haikueleweka. Mfano uliotajwa sana ni wa maneno ya Kiingereza yenye maana ya kiwanda cha chuma, ambayo katika Kihindi cha mtihani yaligeuka kuwa mmea wa chuma, kana kwamba chuma huota shambani. Mwaka 2014 vijana waliandamana mjini Delhi. Mwaka 2015 Serikali ikaamua kwamba karatasi hiyo iwe ya kupita tu kwa asilimia 33, na kwamba alama za kuchujia ziwe zile za maarifa ya jumla. Ulikuwa ushindi wa haki. Ulionyesha pia kwamba maarifa ya jumla, yakiulizwa kwa lugha ya watu, yanamfaa mtoto wa mnyonge kuliko mizungu ya wataalamu.

WEZI WA MITIHANI

Ukuta mwingine ni wa wizi. Februari 2024 watu wapatao milioni 4.8 waliomba nafasi 60,244 za askari polisi katika jimbo la Uttar Pradesh. Mtihani ukafanyika, maswali yakabainika kuvuja, na Serikali ya jimbo ikaufuta. Ulirudiwa Agosti mwaka huo. Fikiria nauli za vijana hao, siku zao za kulala katika vituo vya reli na mabasi, na usiku wao wa kujisomea. Vyote hivyo vilipotea kwa sababu ya kundi la watu wachache waliouza karatasi.

Bunge la India lilipitisha mwaka huo huo sheria ya kuzuia hila katika mitihani ya umma, iliyoanza kutumika Juni 2024. Mwenye hatia hufungwa miaka mitatu hadi mitano. Magenge yaliyojipanga hufungwa miaka mitano hadi kumi na kutozwa faini isiyopungua rupia milioni 10. Sheria kali ni lazima. Hata hivyo, mwizi wa mtihani na mlanguzi wa tuisheni ni ndugu wa tumbo moja. Wote wawili hutajirika kwa imani moja, kwamba jibu ni kitu cha kununuliwa. Taifa litakalomfunga mmoja na kumsifu mwingine litakuwa limekata tawi na kuacha shina.

MTIHANI HAUZAI KAZI

Lipo jambo la kusemwa kwa ujasiri, nalo ni kwamba mtihani hugawa nafasi, hauzizalishi. Julai 2022 Serikali ya India ililieleza Bunge kwamba tangu mwaka 2014 ilikuwa imepokea maombi ya kazi milioni 220.5, na waliopendekezwa kuajiriwa walikuwa 722,000. Ni maombi takriban 305 kwa kila nafasi moja. Reli ilipotangaza mwaka 2019 nafasi 35,281, waombaji walikuwa kiasi cha milioni 12.5. Matokeo ya mchujo yalipotoka Januari 2022, vijana wa Bihar na Uttar Pradesh waliona kwamba wenye shahada walikuwa wamechukua nafasi katika orodha za kazi za ngazi ya chini pia, nao wakafanya ghasia. Katika mji wa Gaya mabehewa ya treni yalichomwa moto.

Kuchoma mali ya umma ni kosa, na hakuna mzalendo anayeweza kulitetea. Lakini kiongozi mwenye hekima huuliza moshi huo umetoka katika moto gani. Kijana aliyekariri mito yote ya India kwa miaka mitano, kisha akarudi kijijini bila kazi na umri umepita, anabaki na nini mkononi? Kama aliisoma kwa kukariri, anabaki na orodha ya majina. Kama aliisoma kwa kufahamu, angalau anaijua mito hiyo kwa ajili ya kumwagilia. Wahenga walisema: elimu bila amali ni kama nta bila asali. Maandalizi ya mtihani yanapaswa kumfaa hata yule asiyechaguliwa, kwa sababu wasiochaguliwa ndio wengi, nao ndio taifa.

MWANGA WA KITUO CHA RELI

Wananchi wa kawaida wa India wamekwisha kuonyesha njia sahihi. Katika mji wa Sasaram, jimboni Bihar, vijana maskini wamejulikana kwa miaka mingi kwa kukusanyika katika kituo cha reli kujisomea chini ya taa za kituo, kwa sababu umeme wa majumbani haukuwa wa kutegemewa. Hukaa chini katika makundi. Mmoja husoma swali, wengine hujibu, na anayejua humfundisha asiyejua. Aliyefaulu jana hurudi kuwasaidia wa leo. Hapo hakuna picha ukutani wala ada. Huo ni ujamaa katika elimu, uliozaliwa na dhiki ukalelewa na umoja, na wengi walioanzia hapo wamepata kazi za Serikali.

Yapo pia yaliyofanywa na Serikali na vyuo vya umma. Gazeti la kila wiki la matangazo ya kazi, lililoanzishwa mwaka 1976, huchapishwa kwa Kiingereza, Kihindi na Kiurdu, ili habari ya nafasi imfikie hata asiye na mjomba mjini. Jarida la Yojana, lililoanza mwaka 1957, hueleza mipango ya maendeleo kwa lugha nyingi za nchi. Jimbo la Uttar Pradesh lilianzisha mwaka 2021 madarasa ya bure ya kuwaandaa watahiniwa. Chuo Kikuu cha Jamia Millia Islamia cha Delhi kina mafunzo ya bweni kwa wanawake, watu wa tabaka zilizodhulumiwa na wa dini zenye wafuasi wachache, na aliyekuwa wa kwanza nchi nzima katika mtihani wa mwaka 2021 alipitia hapo. Tume inayoajiri watumishi wa ngazi za chini iliamua mwaka 2023 kutunga mtihani wake mmojawapo kwa lugha 13 za majimbo, mbali na Kihindi na Kiingereza. Kila hatua ya namna hiyo ni tofali linalotolewa katika ukuta.

WATANZANIA WAJIFUNZE NINI

Hapana Mtanzania atakayesema kwamba mambo hayo ni ya mbali. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato Tanzania ilipotangaza nafasi 1,596, maombi yaliyopokelewa yalizidi 135,000. Ni maombi zaidi ya 84 kwa kila nafasi. Dalili zilizoonekana India zaweza kuonekana hapa pia, na mwenye busara huziba ufa asingoje kujenga ukuta.

Hayati Mwalimu Julius Nyerere alikwisha kulionya taifa mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, kwamba mitihani hupima uwezo wa mtu wa kukumbuka mambo na kuyatoa anapoulizwa, lakini si hakika kwamba hupima uwezo wake wa kufikiri, na hakika haipimi tabia yake wala moyo wake wa kutumikia. Mwaka 1974 Azimio la Musoma lilijaribu kuitibu kasoro hiyo kwa kutaka anayeingia Chuo Kikuu awe kwanza amefanya kazi na kushuhudiwa mwenendo wake. Utaratibu huo haukudumu kama ulivyokusudiwa, lakini swali lililouzaa lingali hai. Uzoefu wa India, ambako uadilifu wenyewe umetengewa karatasi ya alama 250, unalithibitisha. Mtu aweza kuandika insha safi juu ya uaminifu, kesho yake akapokea rushwa. Karatasi humjua mwenye kuandika vizuri. Mwenendo wake hujulikana na waliofanya kazi pamoja naye.

Yapo mambo manne ambayo vyombo vya ajira vya nchi yoyote ya wanyonge vingefaa kuyazingatia. Kwanza, mipaka ya mtihani itangazwe wazi na karatasi za miaka iliyopita zitolewe bure, ili siri isiwe bidhaa ya mtu. Pili, maswali yatungwe kwa lugha ambayo mwananchi anaifahamu barabara. Kwa Tanzania lugha hiyo ni Kiswahili, nayo ina uwezo huo. Tatu, maktaba za umma zifunguliwe hadi usiku na kuwekwa Katiba, sheria, ramani, takwimu na magazeti, ili kila wilaya iwe na Sasaram yake yenye paa na taa. Nne, maswali yaulize maisha ya nchi: maji, kilimo, afya, haki za mwananchi mbele ya ofisi ya umma. Mtu akiyasoma hayo asipate kazi, bado atakuwa raia bora na mzalishaji bora.

Vijana nao wana wajibu. Anayejiandaa kwa usaili wa Serikali kwa kununua majibu mtaani anajidanganya mwenyewe kabla ya kuwadanganya wananchi. Na aunde kikundi na wenzake, asome gazeti kwa makini, aisome Katiba ya nchi yake, aulize asipojua, na afundishe anapojua. Kuuliza si ujinga, na elimu haipungui kwa kugawiwa.

India imethibitisha kwamba taifa kubwa lenye lugha nyingi na umaskini mwingi laweza kuushikilia msimamo wa kwamba kazi ya umma haipatikani kwa ukoo. Huo ni ushindi mkubwa dhidi ya urithi wa ukoloni. Imethibitisha vilevile kwamba ushindi huo hulindwa kila mwaka, kila mtihani na kila swali, kwa sababu aliyefukuzwa mlangoni kwa jina la ukoo hurudi dirishani kwa jina la biashara. Maarifa ya nchi ni mali ya wananchi wa nchi hiyo. Serikali zilizowekwa na wananchi hazina budi kuhakikisha kwamba hayauzwi kwa wenyewe.